Nilivyomponya Marehemu Baba

Ile baiskeli mimi sikuitaka. Ilipofika kwetu Bigwa juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imeviringishwa kwa maboksi na blanketi, nilisimama mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, nikawaelekeza wapakuzi waiingize chumbani kwa Baba, halafu nikarudi kwenye cherehani changu bila hata kuigusa. Ilikuwa imetumwa na mdogo wangu wa kike aliyeko Kanada. Kabla ya hapo alishatuma kiti cha kuogea, fimbo ya kukunja, na kipimo cha presha kinachotangaza matokeo kwa Kiingereza kama mtangazaji wa redio. Kila kitu kilipofika, wageni walimsifu yeye. Mimi niliyekuwa nambeba Baba kumpeleka chooni nilitumwa kuchemsha chai ya hao wageni.

Nasema mapema ili nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa na wivu. Ndoa yangu ilivunjika, nikarudi nyumbani, mama yetu akafariki, na Baba alipopigwa na kiharusi hapakuwa na haja ya kuuliza nani atamuuguza. Nilimpenda sana Baba, na nilichoka naye vilevile.

Baba alikuwa bwana shamba huko Mgeta kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alipanda na kushuka yale matuta ya kabichi na njegere kila siku, na wakulima walisema ukimwona bwana shamba anahema ujue mlima umeongezeka. Kiharusi kikamchukulia mguu na mkono wa kushoto, kikamfunga na ulimi. Neno moja lilimtoka kwa jasho. Matusi ya Kiluguru tu ndiyo yaliyosalia mazima. Alipoangusha kijiko yalimtoka yote, yamenyooka, mpaka daktari akacheka. Lakini mdogo wangu akipiga simu, Baba aligeukia ukutani. Hakutaka mtoto wake aliyemsomesha asikie alivyokuwa anagugumia. Mimi ndiye niliyebaki kusema, "Baba anakusalimia."

Ndiyo maana mdogo wangu akaituma baiskeli, ile ya mazoezi ya ndani, isiyotoka mahali pake. Alikuwa na kama hiyo kwake. Mbele yake ina kioo kikubwa, na kwenye kioo anatokea mwalimu aliyeko nchi nyingine, anafundisha watu waliotapakaa dunia nzima, kila mmoja chumbani kwake. Mwenye baiskeli hulipia masomo kila mwezi. Ya Baba aliyalipia mdogo wangu kwa kadi yake. Pembeni ya kioo yanapanda na kushuka majina ya wanaoendesha, na ukimwona unayemfahamu unaweza kumgusa jina, akapata picha ya kiganja, yaani hongera. Maneno hayahitajiki. Mdogo wangu alikuwa amelifikiria hilo muda mrefu, na mimi sikulielewa hadi nilipoliona.

Yeye na Baba walichagua Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni kwetu, Baba akishasali Alasiri, wakati Kanada ni asubuhi. Majirani walikuja kuchungulia. Mmoja akauliza ni baiskeli gani hiyo haifiki hata sokoni, na Baba akamtukana kwa ufasaha.

Siku ya kwanza mwalimu alikuwa binti mwenye mabega mapana. Alipiga makofi, akapayuka, akaanza kukanyaga. Baba hakukanyaga. Alikikazia macho kile kioo, kisha akanitazama mimi, na baada ya kuhangaika na midomo akatoa neno refu kuliko yote aliyosema wiki ile.

"Ha-ja-ni-a-mkia."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini Baba hakuwa anatania, hivyo kuanzia siku ile kabla ya somo nilisimama kando ya kioo nikasema, "Shikamoo Baba," kwa niaba ya mwalimu, naye akajibu marahaba yake iliyokatika vipande, ndipo tukaanza. Mguu wa kushoto niliufunga kwenye pedali kwa mkanda nilioushona mwenyewe, wa kitambaa laini kisichochubua. Mguu wa kulia ulifanya kazi ya yote miwili. Ikifika dakika ya kumi na mbili alisimama anywe maji, na mara nyingi hakufika ya ishirini.

Jina la mdogo wangu halikumpita hata mara moja. Mwanamke mwenye miguu mizima alijikokota ili abaki jirani na jina la baba yake, chini kabisa ya orodha, wakati wagonjwa wengine na vikongwe wa Ulaya wakiwapita wote wawili. Baba alikuwa akilinyooshea jina lile kidole na kuligusa, taratibu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilipoona vile nilikwenda jikoni. Mimi nilimwosha kila siku na hakuwahi kunigusa hivyo.

Kisha mdogo wangu akashika mimba. Alikuwa ameshapoteza mbili, kwa hiyo habari ile tuliipokea kimyakimya, bila vigelegele. Mimba ilipofika mwezi wa saba presha ikapanda, daktari akamkataza baiskeli na karibu kila kitu kingine. Akawa anakaa kwenye kochi na simu mkononi, anafuatilia jina la Baba likitembea peke yake, anamtumia viganja. Alinipigia akasema, "Dada, nikimwona Baba anaendesha, moyo unatulia." Nilimjibu kwamba anaendesha vizuri tu.

Baba alifariki Jumanne alfajiri. Nilikwenda kumwamsha kwa ajili ya sala nikamkuta ameshaondoka, uso umetulia, mkono wa kulia uko juu ya kifua. Tulimzika siku ileile baada ya Alasiri. Watu walijaa kutoka Mgeta, wengine walikuwa bado na udongo wa shamba miguuni, na kila mmoja alinieleza ni mbegu gani Baba alimletea.

Jioni ile mjomba wetu aliyetoka Mlali alituita ndani. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya wapwa zake, na neno lake huwa halirudiwi.

"Yule mtoto asiambiwe," alisema. "Mimba mbili zimetoka. Leo tumezika mmoja, sitaki keshokutwa nisikie tumezika mwingine. Akijifungua salama, mimi mwenyewe nitamwambia."

Hakuna aliyeshangaa. Hata mimi sikushangaa, ndivyo tulivyolelewa. Aliye safarini huambiwa mgonjwa amezidiwa, mjamzito haambiwi kitu. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alipigiwa simu akaambiwa ukweli, akalia, akakubali. Kwenye simu likaundwa kundi jipya la msiba ambalo yeye mdogo wangu hayumo, na lile la ukoo likaachiwa salamu za asubuhi na picha za maua. Shangazi peke yake, dada yake Baba, ndiye aliyenung'unika.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Ninyi mnaficha kifo chenyewe. Sasa kitakachowaumbua ni nini?"

Mjomba akamwambia ale ubwabwa unapoa.

Jumatano saa kumi na dakika tano simu yangu ikalia ujumbe. "Dada, mbona Baba hajaingia darasani?" Nilikuwa nimekaa mkekani kati ya wanawake, kanga kichwani. Nikaandika kwamba umeme umekatika. Jumamosi akaandika tena, saa kumi kasoro dakika tano. "Umeme umerudi? Dada niambie ukweli. Baba mzima?"

Hapa nataka nisimsingizie mtu. Mjomba aliniambia ninyamaze. Hakuniambia nipande. Wazo lile lilitoka kichwani mwangu mwenyewe, na halikuchukua hata dakika moja. Niliingia chumbani kwa Baba, nikarudishia mlango, nikawasha kioo, nikafungua somo kwa jina lake, nikapanda.

Nilikuwa sijawahi kuipanda. Lakini mimi ni fundi, nimekanyaga cherehani cha miguu tangu nikiwa msichana, na miguu yangu ikishaanza haijui kusimama. Nilikuwa nalia. Kilio kikanipa nguvu ya ajabu, nikakanyaga na kukanyaga kuuelekea ukuta ulio mbele yangu, na sikukumbuka dakika ya kumi na mbili, wala sikukumbuka maji. Nilipoinua macho nusu saa ilikuwa imekwisha na jina la Baba lilikuwa katikati ya orodha.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi alisimama pale na sinia mkononi, akanitazama mimi niliyefiwa siku nne zilizopita, kanga ya msiba imefungwa kiunoni, jasho linatiririka, na mzungu kwenye kioo ananipigia makofi.

"Mwanangu," alisema polepole, "umechanganyikiwa?"

Simu ikaita, nikaipokea. Mdogo wangu alikuwa anapiga kelele. "Dada! Umemwona Baba? Kamaliza! Kamaliza somo zima! Nilijua tu, nilijua mguu utarudi!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mpe simu nimpongeze."

"Amechoka," nikasema. "Amejilaza."

"Mwache alale. Mwambie nampenda."

Shangazi aliyasikia yote. Aliweka sinia chini, akakaa kwenye kitanda cha kaka yake, akajifunika uso kwa mtandio. Hakunisema tena tangu siku hiyo, na ningependa angenisema.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupanda. La pili lilikuwa ile kasi. Jumatatu iliyofuata nilijaribu kwenda kama Baba alivyokwenda: mguu mmoja, kituo dakika ya kumi na mbili, kushuka kabla ya ishirini. Haikupita saa moja shemeji akanipigia kwa sauti ya chini. Alisema mkewe amekaa dirishani hataki kula, anasema Baba amerudi nyuma, anasema labda anaficha maumivu, na presha imepanda. "Shemeji," aliniambia, "kama unaweza, Jumatano mpeleke vizuri." Alisema hivyohivyo, mpeleke, kana kwamba Baba alikuwa anasubiri nyuma ya mlango.

Basi nikampeleka vizuri. Jumatano Baba alifika dakika ishirini na tano. Jumamosi alimaliza. Wiki iliyofuata aliwapita watu ambao hakuwahi kuwapita. Marehemu akapata nafuu mikononi mwangu, siku hadi siku, na mimi niliyeshindwa kumponya akiwa hai nikawa nampangia maendeleo yake kama daktari: leo kidogo, keshokutwa zaidi, asije akatia shaka. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajawahi kupanda baiskeli isiyokwenda popote.

Nitasema na hili, ingawa linaniumiza kuliko yote. Nilianza kuzisubiri zile saa kumi. Viganja vilipomiminika kwenye kioo nilijisikia napendwa. Vilikuwa vya Baba, nilijua, lakini miguu iliyovichuma ilikuwa yangu. Kwa mara ya kwanza nilijua Baba alikuwa anapokea nini pale juu, na kwa nini kidole chake hakikutosheka. Huzuni ikanijaa kwamba nilimwonea kijicho mgonjwa.

Shemeji alisema presha ilishuka. Sina sababu ya kutomwamini. Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kiume, salama, wiki ya nne tangu tumzike Baba, na ujumbe wake wa kwanza ulikuwa kwamba mtoto amepewa jina la babu yake. "Mwambie Baba," aliandika. Nilikwenda makaburini nikamwambia, kwa kuwa hilo nililiweza.

Nikamkumbusha mjomba ahadi yake. Mjomba akasema mzazi bado mbichi, mshtuko utakata maziwa, tusubiri atimize siku zake arobaini. Wazee wengine wakaitikia. Nikaendelea kukanyaga.

Siku ya arobaini ya Baba tulisoma hitima. Sufuria za pilau zilikuwa bado jikoni, wageni wanaagana, mdogo wangu akanitumia picha na ujumbe wa sauti. Ilikuwa picha ya viatu, vya kamba, soli nene, vya kijivu. "Nimemnunulia Baba," sauti yake ilisema, na nyuma yake mtoto alikuwa analia. "Vya kupandia mlima. Kwa mwendo huu tukija Desemba atakuwa anatembea. Nataka ampeleke mjukuu wake Mgeta kwa miguu yake mwenyewe. Dada, mguu wa kushoto umevimba au ni saizi ileile?"

Niliisikiliza mara mbili. Mjomba alikuwa barazani anachokonoa meno. Nilipita mbele yake bila kumwomba ruhusa, nikaenda nyuma ya nyumba penye kamba ya nguo, nikampigia.

Sikuzunguka. Nikasema, "Mdogo wangu, Baba amefariki."

"Lini?"

"Leo ni arobaini yake."

Nilimsikia anahesabu kwa kunong'ona. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mwenzake aliyekosea kitu kidogo, "Hapana, Dada. Jumatano ameendesha. Nilimwona."

"Nilikuwa mimi."

"Jumamosi iliyopita?"

"Mimi."

"Siku niliyojifungua? Shemeji yako alinishikia simu wodini. Baba alikuwa wa kumi na tisa."

"Ilikuwa mimi, mdogo wangu. Nisamehe."

Akakata. Mjomba alinisema sana siku hiyo, kwamba nimevunja neno la wakubwa, na maziwa yakikatika nitakwenda kuyatoa mimi. Niliosha sufuria zote. Siku nane mdogo wangu hakupokea simu yangu. Shemeji alinijibu kwa kifupi kwamba mama na mtoto wazima, na maziwa yapo.

Siku ya tisa alipiga mwenyewe, mchana kwetu. Hakunisalimia, na sikumlaumu.

"Uko karibu na baiskeli?"

Nikasema naweza kwenda.

"Washa. Fungua palipoandikwa safari zake za nyuma. Nina orodha hapa kwenye simu, imechanganyikana, sijui ipi ni ya Baba na ipi ni yako. Nifutie zako."

Nilisimama mbele ya kioo kama mshitakiwa. Safari zangu zilikuwa kumi na tano. Zilijipanga juu, ndefu, nzuri, na kila moja ilikuwa na kiganja chake. Nikaanza na ya Jumatano. Kioo kiliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo, na huko Kanada nikamsikia anavuta pumzi. Nikafuta iliyofuata. Nikafuta ile ya siku aliyozaliwa mtoto; hapo akasema, "Ngoja," nikangoja, kisha akasema, "Haya, futa." Kadiri nilivyoshuka ndivyo Baba alivyozidi kudhoofika. Dakika thelathini zikawa ishirini na tano, wale aliowapita wakarudi wakampita, na nilipofuta ile ya kwanza kabisa, ya Jumamosi ya kanga ya msiba, Baba akawa tena mzee mgonjwa aliye mwisho wa orodha.

"Hiyo iliyobaki juu," mdogo wangu aliuliza, "ndiyo yake?"

"Ndiyo. Ya Jumatatu. Alifariki alfajiri iliyofuata."

"Dakika kumi na sita."

"Kumi na sita."

"Alikuwaje?"

Ningeweza kumpamba. Nilikuwa na uzoefu. Lakini nilimwambia ilivyokuwa: kwamba alipanda bila hamu, kwamba alisimama kunywa maji kabla ya wakati wake, kwamba dakika ya kumi na sita alinionyesha kwa mkono nimshushe. Kwamba mimi nilikuwa na gauni la mteja kwenye cherehani, mteja amekaa anasubiri, na nilimwambia Baba amalize basi, mwanao anakuangalia. Kwamba alitikisa kichwa, na nikamshusha kwa haraka, sikumfuta hata jasho.

"Sikuwa namwangalia," alisema mdogo wangu. "Jumatatu hiyo nilisinzia. Niliamka nikaona dakika kumi na sita, nikasema leo amefanya uvivu, nitampongeza Jumatano."

Ndipo akaanza kulia. Alilia kile kilio cha siku ya kwanza, kinachotoka tumboni na kukosa pumzi, anamwita Baba, anamwita tena. Sisi siku ya msiba tulishikwa mabega na wanawake wa mtaa mzima, tukapakatwa, tukanyweshwa maji kwa nguvu. Yeye alikuwa kwenye kochi peke yake, mtoto kifuani, mume yuko kazini, na wa kulia naye nilikuwa mimi tu. Nilifungua kinywa ili nilie naye na hakuna kilichotoka. Kilio changu nilikuwa nimeshakimaliza kitambo.